Chachu

Tartu, Januari. Saa mbili asubuhi na bado ni giza,
barafu imeufumba mdomo wa mto Emajõgi,
na Leelo Kütt anafungua kabati la joto
taratibu, kama achunguliaye chumba cha mgonjwa.

Nyuzi thelathini na saba. Joto la kwapa.
Humo ni kiangazi mwaka mzima
kwa ngozi ya mvulana wa Võru
aliyeangukia mawe ya sauna:
kipande kidogo kuliko stempu
ambacho sasa kimetanda chupa sita.

Siku ya tisa.
Jana maji yao yalikuwa waridi, rangi ya ufizi mzima.
Leo chupa moja ni njano,
tena ina utusitusi,
kama maji yaliyooshea mchele.

Chini ya darubini seli za mtoto zimelala
ndefu, nyembamba, ubavu kwa ubavu,
na juu yao, bila hodi,
vitufe ving'aavyo, viwili viwili, vitatu vitatu,
kila kimoja kimebeba kitoto begani.

Hamira.

Anaijua. Ndilo balaa lenyewe, kwamba anaijua.
Kwake, mtaa wa Supilinn, juu ya friji,
kuna gudulia la chachu ya mkate mweusi,
chachu ya bibi yake mzaa mama,
iliyovuka vita ikiwa imekaushwa kwenye kitambaa
na kufufuliwa kwa maji ya uvuguvugu.
Jumapili aliukanda unga hadi viwiko.
Uliingia chini ya kucha, kwenye pindo la sweta,
na sikioni pia, nani ajuaye.
Kinachoitwa baraka mezani
hapa kinaitwa uchafu,
na ni kiumbe kilekile, hakijabadili hata jina.

Kwenye rafu ipo dawa ya kuvu.
Tone moja, na kimya.
Chupa tano bado ni waridi.
Waridi leo.
Lakini zote zilinyweshwa kutoka chupa moja ya chakula,
na ngozi hii haiendi kwenye kabrasha,
inaendea mgongo wa mtu.

Urmas, mkuu wa maabara, si mtu wa maneno.
Anainama, anatazama, anainuka.
"Lawama baadaye," anasema. "Kwanza tupa chupa."
"Zote?"
Amekwisha toka.

Klorini. Dakika ishirini.
Seli za mvulana zinapauka pamoja na mgeni wao;
klorini haiulizi mwenyeji ni nani.
Leelo anasimama hadi dakika ya mwisho,
ingawa hakuna anayemtaka asimame.

Kisha anainua kifuniko cha tangi la nitrojeni.
Moshi baridi unamwagika hadi miguuni.
Kimebaki kichupa kimoja, cha siku ya tatu,
mwandiko wake mwenyewe ubavuni, wino umefifia.
Anakiyeyusha kiganjani mwa glavu mpya.
Spiriti mezani, spiriti kwenye shingo ya chupa.
Mkono usipite juu ya kilicho wazi.
Usiseme. Usikohoe.
Hata pumzi yako ina wakazi.

Saa saba anapiga simu wodini.
Muuguzi anamkabidhi mtoto simu, kwani ameiomba mwenyewe.
"Ngozi yangu imekataa kukua?"
Leelo anatazama kucha zake.
"Ilikua vizuri sana," anasema.
"Mimi ndiye niliyeingia na kitu."
Kimya cha mtoto anayehesabu.
"Siku tisa tena?"
"Kumi na mbili. Ilianza na chache."
"Haya," anasema mtoto, kama mtu mzima,
na hilo ndilo linalomliza, lile haya.

Jioni, gudulia limefura,
limesukuma kifuniko kando, linanuka tufaha na siki.
Anasimama mbele yake na koti bado mwilini.
Anaweza kulimwaga. Sinki iko palepale.

Analilisha: vijiko viwili vya unga, maji kidogo.
Ananawa.
Anatundika sweta nje, kwenye baridi kali.
Anarudi, ananawa tena.